Nani Alibeba Kikapu? Msimulizi Mgeni na Mtumishi katika Insha za D. H. Lawrence kuhusu Oaxaca

Ikisiri

Makala hii inahakiki insha nne ambazo D. H. Lawrence aliziandika kutokana na maisha yake mjini Oaxaca, kusini mwa Meksiko, mwishoni mwa mwaka 1924 na mwanzoni mwa 1925. Insha hizo ni sehemu ya kwanza ya kitabu chake Mornings in Mexico, kilichochapishwa mwaka 1927. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: katika masimulizi ya mgeni anayeishi ugenini, kazi ya mtumishi inachangia nini katika yale ambayo mgeni huyo anayaona na kuyasema? Makala inatetea hoja kwamba insha hizi zina nguvu pale msimulizi anapobaki katika mipaka ya macho, miguu na mazungumzo yake, na zinadhoofika pale anaporuka kutoka kwa mtu mmoja, kijana Rosalino, hadi kwa watu wote wa nchi. Hoja hiyo inakamilishwa kwa kuzitazama insha hizi kutoka upande wa nathari ya safari ya Kiswahili, ambamo mtumishi wa Mzungu aliwahi kuishika kalamu yeye mwenyewe.

1. Utangulizi

Maisha ya Waingereza wanaoishi au kupita Meksiko yamezaa maandishi mengi. Frances Calderón de la Barca, mzaliwa wa Edinburgh aliyeolewa na mwakilishi wa kwanza wa Hispania katika Meksiko huru, alichapisha barua zake mwaka 1843. Graham Greene alisafiri katika majimbo ya Tabasco na Chiapas mwaka 1938, akatoa The Lawless Roads mwaka uliofuata. Katika riwaya ya Under the Volcano ya mwaka 1947, Malcolm Lowry anamfuata aliyekuwa konsuli wa Uingereza katika siku moja, Sikukuu ya Wafu, hadi mauti yanapomkuta.

Miongoni mwa maandishi hayo, insha za Lawrence kuhusu Oaxaca ni ndogo kwa kila kipimo. Kurasa zake ni chache. Hamna vita wala njama, wala hamna safari ya hatari. Kuna mtu anayeandika mezani katika ua wa nyumba, mbwa mmoja mweupe, kasuku wawili, matembezi ya Jumapili na soko la Jumamosi. Udogo huo ndio unaozifanya zistahili uchunguzi. Masimulizi ya safari kubwa hushikiliwa na tukio: mto uliovukwa, mlima uliopandwa, ugonjwa ulioponwa. Insha ya siku za kawaida haina tukio la kuegemea, hivyo inalazimika kusimama juu ya kazi zinazoiendesha siku yenyewe. Ua lazima ufagiliwe, soko liendewe, chakula cha matembezi kibebwe. Mtumishi ambaye katika masimulizi makubwa huweza kufichwa nyuma ya tukio, hapa hana pa kufichwa.

Insha hizi zinaweza kusomwa kwa njia mbili zilizo rahisi. Ya kwanza ni kuzifurahia kwa mwanga na rangi zake, na kuyapita maneno mazito kuhusu wenyeji kana kwamba ni makosa ya zama. Ya pili ni kuyakusanya maneno hayo mazito na kutoa hukumu. Njia zote mbili zinaacha swali moja bila kuguswa, nalo ni namna msimulizi anavyopata anachokijua. Mary Louise Pratt, katika Imperial Eyes ya mwaka 1992, ameonesha jinsi wasafiri wa Ulaya walivyozoea kuitazama nchi kutoka juu ya kilima kana kwamba yote iliyo chini ni mali ya macho yao. Lawrence anaanza kwa kuushuka mlima huo. Kwa sababu hiyo anahitaji kuulizwa swali jingine: baada ya kushuka, alikaa wapi, na nani alikuwa karibu naye?

2. Nafasi ya mwandishi mjini Oaxaca

Lawrence na mkewe Frieda walifika Oaxaca Novemba 1924 na kuondoka Februari 1925. Walipanga sehemu ya nyumba ya padri mmoja mwenye asili ya Uingereza. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 yalikuwa yamepita katika awamu yake kali ya vita, lakini nchi ilikuwa haijatulia. Plutarco Elías Calles alishika urais tarehe 1 Desemba 1924, wiki chache baada ya wageni hao kufika. Lawrence alikuwa akiiandika upya riwaya yake The Plumed Serpent, iliyotoka mwaka 1926. Mwezi Februari aliugua vibaya, na alipofika Jiji la Meksiko madaktari walimwambia kwamba ana kifua kikuu. Alifariki mwaka 1930 nchini Ufaransa.

Si sahihi kumwita mkoloni kwa maana kamili ya neno hilo. Meksiko ilikuwa huru tangu mwaka 1821, na Lawrence hakuwa na cheo, shamba wala kampuni nchini humo. Alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Eastwood, aliyeoa Mjerumani, na ambaye mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alifukuzwa Cornwall na serikali ya nchi yake kwa kushukiwa. Hata hivyo, ugeni wake ulikuwa na hesabu. Katika insha ya The Mozo anataja kwamba Rosalino, mtumishi wa nyumba, hupata peso 4 kwa mwezi pamoja na chakula, na mara moja anazigeuza peso hizo kuwa dola 2 za Marekani, takriban shilingi 9 za Kiingereza. Mgeni anayeweza kuugeuza mshahara wa mwenzake kuwa fedha ya kwao, na kuona kwamba ni kidogo, tayari anatazama kutoka mahali fulani. Mahali hapo si juu ya mlima. Ni kwenye kiti cha barazani, kiti kilichopanguswa vumbi na Rosalino asubuhi hiyohiyo.

Ni muhimu pia kukumbuka umbo la kitabu. Kati ya insha nane, nne za mwanzo tu ndizo za Oaxaca. Tatu zinazofuata zinahusu ngoma na ibada za wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, na ya mwisho inaukumbuka upande huo wa dunia kutoka Italia. Jina la kitabu ni pana kuliko yaliyomo. Upana huo wa jina ndio ugonjwa ambao insha yake ya kwanza inajaribu kuutibu.

3. Uani: kasuku wanajua nini?

Insha ya kwanza, Corasmin and the Parrots, inafungua kwa tahadhari ambayo wasomaji wa fasihi ya safari hawaizoei. Msimulizi anasema kwamba mtu akitamka Meksiko, kwa kweli anamaanisha mji mmoja mdogo wa kusini, na katika mji huo nyumba moja, na katika nyumba hiyo ua mmoja, na katika ua huo mtu mmoja anayetazama kipande cha anga na miti, kisha anauinamia ukurasa wa daftari lake. Hii ni kanuni ya usimulizi, na ni kanuni njema. Inamwahidi msomaji kwamba hataambiwa zaidi ya kile kinachoonekana kutoka kwenye meza hiyo.

Kinachofuata ni sauti. Kasuku wawili walio mtini wanapiga mluzi kama Rosalino anavyopiga, na wanamwita mbwa Corasmin kwa sauti ya mwanadamu. Lawrence anaona jambo la ajabu: kasuku wanapiga mluzi wa Rosalino kwa nguvu zote, ilhali Rosalino mwenyewe yuko hapohapo anafagia, kichwa ameinamisha, na si desturi yake kupiga mluzi hivyo mbele ya wenye nyumba. Msimulizi anacheka. Msomaji ana haki ya kusita kabla ya kucheka naye. Kama kasuku wameujua mluzi huo hata wakauiga barabara, basi Rosalino huupiga, na huupiga vya kutosha, wakati wakubwa hawapo. Kasuku wamemsikia Rosalino ambaye msimulizi hajawahi kumsikia. Katika kurasa za mwanzo kabisa, insha imetuonesha, pengine bila kukusudia, kwamba ndani ya ua huo mdogo mna maisha ambayo daftari halikuyapata.

Badala ya kulifuata jambo hilo, Lawrence anapanda ngazi ya nadharia. Anakataa wazo kwamba viumbe vimetokana kwa mnyororo mmoja mrefu, na anachagua imani ya Waazteki kuhusu Jua zilizotangulia, yaani dunia zilizoumbwa na kuangamizwa moja baada ya nyingine. Kasuku, kwa fikra hiyo, ni wa dunia moja, mbwa ni wa nyingine, na kati yao kuna pengo lisilovukika. Kama mchezo wa mawazo, sehemu hii inavutia. Lakini mwishoni msimulizi anamtazama Rosalino, Rosalino anainua macho, na tunaambiwa kwamba hata kati yao wawili kuna pengo la namna hiyohiyo.

Hapa kanuni ya mwanzo imevunjwa. Pengo kati ya kasuku na mbwa ni la viumbe. Pengo kati ya Lawrence na Rosalino ni la lugha, fedha na ufagio: mmoja ameketi, mwingine anafagia, mmoja anaweza kucheka kwa sauti, mwingine anausubiri upweke ili apige mluzi. Haya yote yanaonekana kutoka mezani. Kuyaita pengo la maumbile ni kukataa kuyaona yaliyo mbele ya macho, na ni kuyakataa hasa pale ambapo kuyaona kungemgusa mwenye kuona.

4. Jumapili ya Huayapa

Insha ya pili, Walk to Huayapa, ndiyo inayohusu mapumziko ya mwisho wa juma. Inaanza kwa kejeli dhidi ya mapumziko yenyewe. Msimulizi anasema kwamba kuwatazama watu wakijiburudisha kunachosha kuliko kuwatazama wakifanya kazi, na kwamba siku za Jumapili na sikukuu ni afadhali kubaki nyumbani na kasuku. Asubuhi inafika, inakuwa na utulivu wa ajabu, na wanatoka. Rosalino anaulizwa kama anataka kwenda, naye anajibu kwa furaha. Wanaelekea kwenye kijiji kilicho chini ya milima, kaskazini-mashariki mwa mji, Rosalino nyuma na kikapu.

Kwa wageni wawili hiyo ni burudani. Kwa Rosalino ni nini? Anapewa nafasi ya kutoka mjini, na furaha yake haina shaka. Lakini pia amebeba kikapu, na Jumapili yake inategemea kama wenye kikapu wataamka na hamu ya kutembea. Insha haisemi hivyo kwa maneno. Inasema kwa mpangilio wa watu barabarani.

Ubora wa insha hii uko katika miguu. Jua linachoma, vumbi linapanda, umbali unaonekana mfupi kisha unarefuka, na lugha ya Lawrence inatulia kwa sababu mwili wake unafanya kazi. Wanapofika kijijini wanatafuta matunda ya kununua, na jibu wanalopewa mlango baada ya mlango ni lilelile, no hay, yaani hakuna. Neno hilo linarudi mara nyingi hata linakuwa kiitikio. Msimulizi analifanya wimbo wa nchi nzima, ishara ya utupu na kutojali.

Tunaweza kulisoma vingine, tena kwa kutumia kitabu hichohicho. Insha ya nne itatuonesha kwamba siku ya Jumamosi watu wa milimani na mabondeni humiminika Oaxaca na mazao yao. Mgeni anayefika kijijini Jumapili na kuuliza matunda huenda anauliza jana ilikokwenda. Aidha, hakuna katika lugha nyingi ni neno la adabu kwa mtu usiyemjua: linafunga mlango bila kumfukuza aliye mlangoni. Msemaji wa Kiswahili anaielewa vyema tofauti kati ya hakuna ya ghala tupu na hakuna ya mwenye ghala. Lawrence hana njia ya kuzitofautisha, na Rosalino, ambaye huenda angeweza, haulizwi. Mpangilio wa kitabu unaongeza uzito wa tatizo hili, kwa kuwa Jumapili ya kijijini imewekwa kabla ya Jumamosi ya sokoni. Msomaji anakutana na ukosefu kwanza, na anauhusisha na tabia ya watu. Ratiba ya juma inakuja baadaye, wakati picha imeshakauka.

5. Rosalino: kisu cha jiwe na kitako cha bunduki

Insha ya The Mozo ndiyo moyo wa sehemu hii ya kitabu, na ndiyo inayoonesha wazi zaidi nguvu na udhaifu wake. Mapema sana inaruka mbali na uani, hadi kwa mungu wa kike wa Waazteki anayezaa kisu cha jiwe jeusi. Kutokana na hekaya hiyo msimulizi anatoa kauli kuhusu watoto wote wa nchi: kwamba wamezaliwa na ukali wa jiwe hilo machoni. Rosalino, anasema, ni tofauti kidogo, ana upole fulani. Hata upole huo unatolewa kama kasoro katika kanuni, na kanuni yenyewe haitiliwi shaka.

Baada ya hekaya zinakuja kazi za siku, na nathari inaamka. Rosalino anafagia barabara mbele ya nyumba na kuinyunyizia maji. Anafagia baraza. Anamfuata mpishi sokoni akiwa amebeba kikapu, na inampasa kumwita mpishi huyo kwa neno la heshima, kwa kuwa mama huyo ana babu Mhispania. Mali zake zinahesabiwa moja moja: mashati mawili, suruali mbili, blauzi mbili, viatu vya ngozi, kofia, na shuka ya kujifunika. Usiku analala kwenye benchi mlangoni. Jioni huenda shule ya usiku, kujifunza kusoma na kuandika Kihispania. Hakuna nadharia katika orodha hii, na ndiyo maana inaeleza mengi. Mpishi na mtumishi wote ni wafanyakazi wa nyumba moja, lakini kati yao kuna ngazi iliyojengwa na historia ya karne nne, na Lawrence ameiona katika neno moja la heshima.

Kisha linakuja tatizo la hadithi. Siku inayofuata matembezi ya Huayapa, Rosalino amebadilika. Amenuna, hasemi, anataka kuacha kazi. Msimulizi anaeleza hali hiyo kwanza kwa lugha ya chuki ya asili, giza la damu linalompinga Mzungu. Baadaye ndipo sababu ya karibu inapojitokeza: kuikaribia milima kumemfanya aikumbuke milima ya kwao. Ni hamu ya nyumbani. Mbele kidogo tunaelezwa jambo zito zaidi. Wakati wa moja ya misukosuko ya mapinduzi, askari walitaka kumwandikisha kwa nguvu, alikataa, wakampiga kwa vitako vya bunduki hadi akazimia, wakamwacha wakidhani hana faida tena. Mgongo wake uliumia. Ndiyo sababu anaogopa kubeba samani na anaogopa kukamatwa.

Mpangilio huu unastahili kupinduliwa na mhakiki. Lawrence ametanguliza kisu cha jiwe na kuchelewesha kitako cha bunduki. Hekaya imepewa kazi ya kueleza, na tukio limepewa kazi ya kuthibitisha tu. Lakini ukweli wa insha unakwenda kinyume: kila kilichoonekana kuwa fumbo la asili katika tabia ya Rosalino, yaani woga, kununa na macho yaliyoinamishwa, kinapata maelezo ya kutosha katika kipigo kimoja na umbali wa siku kadhaa kutoka kijijini kwao. Kijana aliyebeba kikapu nyuma ya wageni hadi Huayapa alikuwa na mgongo ulioumizwa na askari. Insha inazo habari zote mbili, ila haiziweki pamoja.

Hata hivyo, ni hapa pia Lawrence anapofikia ukweli asioufikia kwingine. Anapoeleza kukataa kwa Rosalino, anasema kwamba kijana huyo, kama yeye mwenyewe, ni miongoni mwa watu wanaochukia kuchanganywa katika kundi la askari. Kwa mara moja pengo la maumbile linatoweka. Mtu aliyefedheheshwa na uchunguzi wa kijeshi na kufukuzwa Cornwall anamtambua mwenzake. Utambuzi huo haukutokana na hekaya ya Waazteki wala na nadharia ya Jua zilizopita. Umetokana na jambo lililowapata wote wawili kutoka mikononi mwa serikali. Kama kitabu hiki kina sentensi inayostahili kubaki, ni hiyo.

6. Jumamosi: sokoni bila kikapu cha mwenzake

Market Day inasimulia Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Punda na watu wanateremka kutoka milimani, vumbi linainuka, mji unajaa. Hoja ya Lawrence ni kwamba soko ni kisingizio: watu wamebuni soko na dini ili wapate sababu ya kukutana, na kile kinachobadilishwa zaidi ya bidhaa ni mgusano wa binadamu.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Yeyote aliyekulia karibu na gulio anajua kwamba watu huja pia kwa habari, posa na kesi. Lakini kusema senti ni kisingizio ni rahisi kwa mwenye senti. Mtu aliyetembea na mzigo kutoka milimani anahitaji kukutana na watu, na anahitaji vilevile kurudi na fedha. Mifano ya insha yenyewe inamsahihisha mwandishi wake. Anapotaka kununua viatu vya ngozi na kugundua kwamba vinanuka, ubishi unaanza: muuzaji anakana kabisa, mnunuzi anashikilia, bei inaulizwa na kukataliwa. Mazungumzo haya yana uhai kwa sababu kila upande una kitu cha kupoteza. Mgeni hapa hatazami kutoka kitini. Anaweza kushindwa, kudanganywa, au kuchekwa. Hii ndiyo insha pekee kati ya nne ambamo wenyeji wanamjibu Lawrence wakiwa wamesimama sawa naye, na kwa hiyo ndiyo ambayo kauli zake za jumla hazihitajiki sana.

7. Neno mozo na upande wa pili wa kalamu

Mtafsiri wa insha hizi kwa Kiswahili angekwama katika jina la insha ya tatu. Katika Kihispania, mozo ni kijana wa kiume na pia ni mtumishi. Mtumishi lingeeleza kazi na kuuacha umri. Boi, lililotokana na Kiingereza, lina historia inayofanana: neno lenye maana ya mvulana liligeuzwa kuwa jina la kazi, hata mzee mwenye mvi na wajukuu akaitwa boi jikoni kwa mtu. Kijana lingekaribia zaidi, kwani katika matini kongwe za pwani laweza kubeba maana zote mbili. Ugumu huu si wa kamusi pekee. Lugha tatu tofauti zimekubaliana kumnyima mtumishi umri wake. Lawrence, anayeliacha neno la Kihispania kama lilivyo, analifanya lionekane kama rangi ya mahali. Kiswahili kingemlazimisha achague.

Kuna sababu nyingine ya kuzisoma insha hizi kutoka upande wetu. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa masimulizi ya kitabu hicho yamo ya Selim bin Abakari, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia akiwa katika utumishi wa bwana wa Kijerumani. Lyndon Harries aliyapa masimulizi ya Velten nafasi tena katika Swahili Prose Texts ya mwaka 1965, na kila mwanafunzi wa nathari ya Kiswahili hukutana nayo. Mahali ambapo katika kitabu cha Lawrence pana mtumishi anayetazamwa, kwa Selim pana nafsi ya kwanza. Anayehesabu vituo, miji na vyakula ni yule ambaye katika kitabu cha bwana wake angetajwa kwa neno moja.

Ulinganisho huu usitiwe chumvi. Masimulizi ya Selim yalihitajiwa na kuchapishwa na mwalimu Mjerumani katika zama za utawala wa Kijerumani, na mtu anayeandika kwa ajili ya mkubwa huchagua cha kusema, kama Rosalino alivyochagua wakati wa kupiga mluzi. Uwepo wa nafsi ya kwanza hautoshi kuthibitisha uhuru wa mwenye nafsi. Lakini unathibitisha jambo moja ambalo insha za Oaxaca zinalikanusha: kwamba mtumishi hutazama, hulinganisha na hukumbuka kwa mpangilio, na kwamba safari ya bwana ni safari yake pia, yenye maana nyingine. Rosalino alikuwa akijifunza kuandika jioni zilezile ambazo Lawrence alikuwa akiandika. Nyumba moja ya Oaxaca ilikuwa na wanafunzi wawili wa ukurasa. Lawrence anaitaja shule ya usiku kwa upendo na utani. Hafikirii hata mara moja kwamba mwenzake siku moja angeweza kuandika juu yake.

8. Hitimisho

Makala imeonesha kwamba thamani ya insha nne za Oaxaca inapanda na kushuka kulingana na umbali wa msimulizi na watu waliomzunguka. Uani, pengo la mshahara linapogeuzwa kuwa pengo la maumbile, insha inapoteza macho. Njiani kuelekea Huayapa, miguu na kiu vinaipa ukweli, ila neno hakuna linatafsiriwa haraka kuwa tabia ya taifa. Katika habari za Rosalino, hekaya imewekwa mbele ya tukio, na tukio linaishinda. Sokoni, ambapo mgeni anajibiwa, insha inasimama imara zaidi.

Kwa wahakiki wa fasihi ya safari, na hasa kwa wanaofanya kazi katika Kiswahili, matokeo yake ni ya kimbinu. Tunapofundisha masimulizi ya wageni, yakiwa ya Meksiko au ya pwani yetu, haitoshi kuuliza mwandishi aliwaheshimu wenyeji au aliwadharau. Tuulize kila ukurasa umewezekana kwa kazi ya nani, mtu huyo anaonekana lini, na anasema nini pale anapodhani hasikilizwi. Maswali hayo yana majibu ndani ya matini zenyewe mara nyingi kuliko tunavyotarajia. Katika kitabu cha Lawrence jibu la kwanza lilikuwa juu ya mti, likipigwa kwa mluzi, na lilichukuliwa kuwa mzaha wa kasuku.